Mto ni wa umma, lakini mvuvi atapita wapi?

Mhariri,

Kila bomoabomoa inapotangazwa kando ya mito yetu, hurudi ile kauli kwamba mita 30 kutoka ukingoni ni ardhi ya umma na kwamba yeyote anaweza kupita hapo. Wavuvi wa mshipi wanaofuata samaki aina ya trauti katika mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare wameipokea kauli hiyo kama ruhusa. Si ruhusa. Anayeitegemea anaweza kujikuta kituoni, ufito wake wa kuvulia ukiwa kielelezo na sheria ikiwa upande wa mwenye shamba.

Tuanze na lisilo na ubishi. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaiweka mito, maziwa na maji mengine yaliyofafanuliwa na sheria ya Bunge katika orodha ya ardhi ya umma, chini ya usimamizi wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Sheria ya Maji ya 2016 nayo inasema kila rasilimali ya maji iko mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya. Kwa hivyo mito kama Gura, Thego, Ragati au Burguret haiwi mali ya mtu kwa sababu tu imepita katikati ya shamba lake.

Tatizo ni kwamba Sheria ya Maji imeandikwa kwa ajili ya pampu, bomba na mfereji. Inashughulika na anayechota maji, anayeyaelekeza kwingine na anayeyachafua. Mguu wa mtu anayepanda mto akivua haumo. Akifika kwenye poromoko asiloweza kulipanda, atoke nje ya maji au arudi alikotoka? Akikuta seng'enge imevuka mto, afanye nini? Wengine hudhani leseni ya uvuvi inajibu maswali hayo. Leseni inakupa idhini juu ya samaki tu. Juu ya njia ya kumfikia samaki haisemi neno.

Sasa ile mita 30. Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za 2007 ziliweka ukanda wa kingo kuwa sawa na upana wa mto, usipungue mita 6 na usizidi mita 30 kila upande. Mto wenye upana wa mita 3 unapata ukanda wa mita 6. Wenye mita 12 unapata 12. Wenye mita 45 unapata 30, basi. Mito mingi ya trauti ni myembamba, kwa hiyo anayepiga hatua 30 kutoka majini huku akisema bado yuko kwenye ukanda huwa ameshafika katikati ya viazi vya watu. Tena vipimo vyenyewe havianzii mahali pamoja. Kanuni hizo za 2007 zilipimwa kuanzia ncha ya juu ya ukingo; kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinatumia mita hizohizo 6 hadi 30 lakini zinaanzia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kwenye bonde tambarare, tofauti ya mahali pa kuanzia inaweza kuwa kubwa kuliko ukanda mzima. Tanzania walichagua namba moja, mita 60, katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Angalau huko mtu anajua ashike kamba ya urefu gani.

Hata tukiafikiana kuhusu kipimo, hoja kuu inabaki palepale. Ukanda wa kingo ni masharti juu ya matumizi. Mwenye shamba anakatazwa kulima humo, kujenga, kupanda mikaratusi. Hajanyang'anywa ardhi, na hakuna mahali alipoambiwa afungue lango. Ardhi ikibaki yake, Sheria ya Kuingia Ardhi ya Mtu, Sura ya 294, inabaki na makali yake: anayeingia au kukaa kwenye ardhi ya mtu bila idhini ya anayeikalia, na bila sababu ya maana, ametenda kosa. Mvuvi anayetembea kwenye ukanda wa mita 6 juu ya ukingo yuko ndani ya shamba la mtu, japo mwenye shamba mwenyewe haruhusiwi kupanda hata sukuma wiki hapo.

Hapo ndipo inafaa kuitazama Montana, jimbo la milima huko Marekani lenye mito ya trauti inayopita kwenye ranchi za watu. (Trauti wa kahawia ni mgeni huko kama alivyo mgeni Gura, alikoletwa 1905 kutoka Loch Leven ya Uskoti.) Katiba ya Montana ya 1972 ina maneno yanayokaribiana sana na yetu: maji yote ndani ya jimbo ni mali ya jimbo kwa matumizi ya watu wake. Maneno hayo peke yake hayakutosha. Wenye ranchi waliendelea kufunga mito kwa hoja kwamba sakafu ya mto ni yao, na maji yanayopita juu yake ni mpita njia tu. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kesi mbili, moja ya mto Dearborn na nyingine ya Beaverhead. Ilisema kinachotazamwa ni kama maji yanafaa kwa matumizi ya burudani. Nani anamiliki sakafu halihusiki. Uamuzi ni kitu kimoja, kuutumia ukiwa umesimama majini ni kingine. Ndiyo maana mwaka uliofuata, 1985, Bunge la jimbo lilitunga sheria ya kuingia mitoni, na sheria hiyo ndiyo inayostahili kusomwa na mawakili wetu.

Moyo wake ni mstari mmoja: alama ya kawaida ya maji ya juu. Chini ya mstari huo mvuvi anaweza kutembea, kusimama na kuvua, hata kama maji yamepungua na anakanyaga changarawe kavu. Juu yake, ni shamba la mtu. Mstari hautafutwi kwa futi wala kwa ramani. Unasomwa kwenye ukingo wenyewe. Sheria inaueleza kuwa ni pale ambapo maji yamefunika ardhi kwa muda wa kutosha mpaka udongo umepoteza karibu mimea yote ya nchi kavu na haufai tena kwa kilimo. Uwanda wa mafuriko haumo.

Anayetaka kuusoma mstari huo asianzie kwenye kona ya mto, kwa sababu upande wa nje wa kona hukatwa wima na upande wa ndani hujaa mchanga, na pande zote mbili zinadanganya. Atafute kipande kilichonyooka. Achuchumae awe usawa wa ukingo, atazame mahali nyasi zenye mizizi ya kudumu zinapoanza. Chini yake ataona changarawe, mizizi iliyovuliwa udongo, na mara nyingi kijirafu kilichochongwa na maji. Kwenye mawe makubwa, sehemu ya chini ni safi au ina ukoga wa mtoni, na ya juu ina madoa ya kijivu ya kuvumwani. Takataka na matawi yaliyonasa juu mitini yasimhadae: hayo ni mafuriko ya siku moja, wala si maji ya kawaida ya juu. Halafu akague ng'ambo. Kama mistari ya pande mbili haiko karibu usawa mmoja, amekosea upande mmoja.

Kwetu kipimo hicho kitagonga mwamba kwenye nduma. Wakulima wengi huzipanda kwenye tope la ukingoni, mguu mmoja majini, na mahali hapo mimea ya mtu imekalia sehemu ambayo maji yangeiacha tupu. Mvuvi akitumia kipimo cha Montana neno kwa neno, atasema nduma ziko chini ya mstari na atazikanyaga, kisha kesi iishie kwa chifu. Sheria yetu itabidi iseme waziwazi kwamba zao lililopandwa halisogezi mstari, na pia kwamba mpitaji halikanyagi. Azunguke kwa ndani ya maji. Ni sentensi moja tu, ila bila sentensi hiyo sheria nzima itachukiwa kuanzia kijiji cha kwanza.

Sheria ya Montana haikuwapa wavuvi kila walichotaka, na ndiyo maana imedumu. Maji yaliyokwisha kutolewa mtoni kwa mfereji kwenda kumwagilia hayamo. Bwawa la mtu la kunyweshea mifugo, hapana pia. Mito imegawanywa makundi mawili, ile mikubwa yenye historia ya usafiri au biashara na ile midogo, na kwenye ile midogo baadhi ya mambo yanahitaji idhini ya mwenye ardhi. Mvuvi akikuta kizuizi anaruhusiwa kutoka juu ya mstari na kukizunguka, lakini kwa njia yenye usumbufu mdogo kabisa kwa mwenye ardhi, na kurudi majini mara tu anapokipita. Mwenye ardhi naye alipata kinga mbili. Mvuvi akiteleza na kuvunjika mguu, mwenye ardhi hawajibiki ila kama alimdhuru kwa makusudi au kwa kutojali kupita kiasi. Na matumizi ya burudani, hata yakiendelea miaka mingapi, hayazai haki ya njia juu ya ardhi yake. Hiyo ya pili ndiyo inayomtoa mtu hofu ya kwamba akimwonea huruma mvuvi leo, kesho ataletewa hati ya mahakama. Baadhi ya vifungu vilivyokwenda mbali mno vilikatwa na mahakama mwaka 1987, kikiwemo kile kilichotaka mwenye ardhi agharimie njia ya kuzunguka kizuizi.

Ile kinga ya mifereji ilijaribiwa vikali katika bonde la Bitterroot. Wenye ardhi kando ya mkono wa mto uitwao Mitchell Slough walidai kwamba, kwa vile umechimbwa, umeelekezwa na kutunzwa kwa miaka mingi, umegeuka mfereji. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikataa: mto uliorekebishwa na binadamu bado ni mto. Funzo kwetu liko karibu sana. Miteremko ya Mlima Kenya imejaa mifereji ya zamani ambayo baadhi yake hufuata vijito vya asili. Ufafanuzi wa nini ni mto na nini ni mfereji uandikwe mapema, maana ukiachwa, kila mwenye shamba kubwa ataita kijito chake mfereji.

Kisha kuna madaraja. Haki ya kutembea mtoni haina faida kama huwezi kuingia mtoni, na mahali ambapo mara nyingi barabara ya umma inagusana na mto wa umma ni darajani. Montana walibishana kuhusu hili kwa miaka zaidi ya ishirini baada ya sheria kupita. Mwenye ranchi alikuwa akifunga seng'enge yake moja kwa moja kwenye kingo za daraja kuzuia ng'ombe wasitoke, na waya huohuo ukawazuia watu. Sheria ya 2009 ilikata shauri: mwenye ardhi anaruhusiwa kuunganisha uzio wake na daraja la umma ili kudhibiti mifugo, ila lazima pabaki pa kupita mtu, iwe ngazi, lango au kipande cha uzio wa mbao. Idara ya samaki na wanyamapori huzungumza naye kuhusu kifaa kinachofaa, na gharama haimwangukii yeye. Mwaka 2014, katika kesi ya madaraja ya mto Ruby, mahakama ilithibitisha kwamba umma unaweza kuitumia hifadhi ya barabara na daraja lake kushukia mtoni, hata pale ambapo haki ya barabara yenyewe ilitokana na matumizi ya muda mrefu.

Kazi ya mikono hapa si ngumu, lakini ikifanywa vibaya inaharibu uhusiano kuliko kesi. Uzio uliokazwa kukatiza mto, vigingi vimesimikwa sakafuni, ni kosa la kawaida. Mvua ya kwanza kubwa huleta matawi na mabua ya mahindi, yanajazana kwenye waya, uzio unageuka bwawa dogo, na maji yanang'oa nguzo za pande zote mbili. Kesho yake ng'ombe wako barabarani na mvuvi ndiye anayelaumiwa. Dawa yake ni waya nene wa chuma uliovutwa juu ya maji kati ya nguzo mbili imara za ukingoni, na fito nyepesi zinazoning'inia kutoka kwenye waya huo bila kufungwa chini. Maji yakipanda fito zinainuka na uchafu unapita. Yakishuka zinarudi mahali pake. Ng'ombe haipendi kusukuma fito zinazocheza. Mtu huzisogeza kwa mkono na kupita.

Pembeni ya daraja, ngazi ya kuvukia uzio inatosha: vidato viwili vya ubao mpana kila upande, kimoja kama sentimita 30 kutoka chini na kingine juu yake, na nguzo moja ndefu ya kushika. Ubao uwe na matundu au waya wa kuku juu yake, maana kiatu chenye tope kikikanyaga mbao iliyolowa hakisamehe. Uzio wa umeme unahitaji hatua moja zaidi. Pale pa kuvukia, waya ulio hai upitishwe ndani ya bomba la plastiki nene, karibu mita moja kila upande wa ngazi. Bila hilo, ufito wa kaboni unaogusa waya utampeleka mwenyewe chini, kwa sababu kaboni hupitisha umeme.

Kuna watakaosema haya ya Montana ni ya kwao, kila nchi na mila yake. Kweli, na hata Marekani yenyewe haina mila moja. Colorado, kwa kesi ya 1979, aliyeelea kwenye mto unaopita ndani ya ranchi na kugusa sakafu yake alihesabiwa kuwa ameingia ardhi ya mtu. Wyoming wanakuruhusu kuelea tangu uamuzi wa 1961, lakini ukishuka ukasimama majini kwenye sakafu ya mtu umekosa. Utah mahakama ilifungua mito mwaka 2008, Bunge likaifunga tena mingi 2010. Uingereza haki ya kuvua ni ya mwenye ukingo, na anaweza kuiuza mbali na ardhi. Uskoti waliandika haki pana ya kutembea mashambani mwaka 2003, wakaiacha nje haki ya kuvua. New Zealand wao wamekataza kabisa kuuza haki ya kuvua samaki wa aina hii. Sisi tuliletewa trauti na watu wa mila ya Kiingereza, na hata leo wapo wanaodhani kipande cha Gura kinakodishwa kama chumba cha hoteli. Katiba yetu haikuandikwa kwa mila hiyo. Iko karibu zaidi na Montana, ila tumeishia kwenye Katiba, hatukuandika ile sheria ya 1985.

Wakati tunaingoja, Sheria ya Ardhi ya 2012 ina mlango ambao hautumiwi. Kifungu cha 145 kinaruhusu serikali ya kaunti, chama au kikundi chochote cha watu kuiomba Tume ya Kitaifa ya Ardhi iunde njia ya umma ya kupita ardhini mwa mtu, na sheria hiyohiyo inaweka fidia kwa anayeikalia ardhi hiyo. Ombi linaloandikwa kwa pupa, la kudai ukingo mzima wa kilomita kumi, halitafika popote. Liombe kipande kifupi kutoka barabarani hadi mtoni. Upana wa mita moja na nusu unamtosha mtu na ufito wake. Liambatanishwe nakala ya ramani ya usajili yenye nambari za mashamba yote yanayoguswa, mchoro wa mahali ngazi zitakapowekwa, jina la atakayezitengeneza zikivunjika, na saa za kutumia njia. Kumbukeni kwamba mipaka mingi kwenye ramani hizo ni ya kukadiria, kwa hiyo mpima ardhi atembee mahali penyewe kabla ya nambari kuandikwa, la sivyo fidia italipwa kwa jirani asiyehusika.

Na pale ambapo mwenye shamba yuko tayari kuzungumza, barua ya ukurasa mmoja iliyotiwa sahihi ina nguvu kuliko maneno ya langoni. Iandike siku, idadi ya watu, mahali pa kuegesha gari, na malango yatakayofungwa nyuma ya kila mpitaji. Itaje pia bomba lake la kuchotea maji. Wavuvi wengi hawalioni: mfuniko wa zege au kikapu cha waya kilichofukiwa mawe, mara nyingi kwenye kidimbwi kilekile trauti wanakopenda kukaa. Mtu akisimama juu yake, mawe yanasogea, tope linaingia, na jioni nyumba na ng'ombe havina maji. Malalamiko mengi yanayoitwa ya "kuingia shamba" chanzo chake ni bomba hilo.

Kwa serikali za kaunti, ombi ni dogo zaidi. Daraja jipya lolote juu ya mto wa kudumu lichorwe likiwa na vidato vya kushukia majini ndani ya hifadhi ya barabara, upande wa chini wa mkondo, ambako mtu akiteleza hasukumwi kwenye nguzo za daraja. Vidato vikimwagwa pamoja na zege la kuta ni kazi ya fundi yuleyule na mbao zilezile. Vikisubiri mpaka seng'enge ifungwe kwenye daraja, itabidi kwanza kumlipa wakili.

Mvuvi wa mshipi,
Nyeri